Shahidi, Ulikuwepo? Filamu za Marekani na Mahali Zinaposhutiwa



Somo la leo limetokana na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo nisomeni kwa huruma. Wale wa hapa Soga mnajua kwamba Jumamosi moja moja jioni huwa tunafunga shuka jeupe ukutani pale kigangoni, tunawasha projekta, na baada ya rozari tunatazama filamu. Safari ile nilichagua The Ghost and the Darkness, filamu ya Marekani ya mwaka 1996, inayohusu simba wawili waliokula watu wakati reli inajengwa Tsavo, nchini Kenya. Niliona inatufaa kabisa. Sisi ni watu wa reli. Reli ya Kati ya zamani inapita hapa, SGR nayo inapita hapa, na wakati SGR inajengwa kambi kubwa ya ujenzi ilikuwa hapa hapa kwetu. Nikasimama mbele ya shuka, nikasema kwa kujiamini kabisa: "Hii ni hadithi ya kweli tupu, ilitokea hapo kwa jirani."

Filamu ilipendwa, tena sana. Simba alipotokea majanini, hata wale wanaojifanya wagumu walirukiana. Ilipokwisha nikauliza, kama tunavyofanya siku zote, tumejifunza nini. Kijana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Frateri, tumejifunza kwamba sisi tulikimbia, Mzungu akabaki." Watu wakacheka. Karibu na mlango alikuwa amekaa mzee mmoja, mstaafu wa reli. Hakuja kutazama filamu, alikuja kumsubiri mjukuu wake. Akauliza taratibu: "Frateri, wale waliokuwa wanapigilia mataruma, mbona hawana majina?"

Sikuwa na jibu. Nikafunga kwa sala, nikaenda kulala, na usingizi haukuja.

Siku zilizofuata niliitazama tena ile filamu peke yangu, daftari mkononi, nikasoma na historia yake. Hiki mnachosoma ndicho nilichokipata. Nitawaomba nanyi muifanyie hivyo hivyo filamu yoyote ya Marekani inayodai kuonyesha Afrika, kwa sababu zinaingia kwenye simu zenu kila siku na mara nyingi hakuna mtu wa kukaa nanyi kuzijadili. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya vyombo vya mawasiliano, Inter Mirifica ya mwaka 1963, inawataka vijana wajadili wanachokitazama pamoja na walimu wao. Mimi nilitakiwa kuwa mwalimu usiku ule. Nikawa mtazamaji tu mwenye maikrofoni.

Nianze na jambo dogo linalopuuzwa: mahali. Kila filamu ina mahali pawili. Kuna mahali inaposema ipo, na kuna mahali ambapo kamera ilisimama kweli, kile ambacho wenzetu wa Bongo Movie wanakiita lokesheni. Mara nyingi pawili hapo hapafanani. Hilo peke yake si dhambi. Mtu anaweza kuigiza mateso ya Bwana Ijumaa Kuu kwenye uwanja wa shule ya msingi, na hakuna anayelalamika kwamba pale si Kalvari. Aristotle, ambaye tulimsoma mpaka usiku wa manane wakati wa falsafa (msinicheke, miaka ile lazima itokee mahali), anamtetea msanii: kazi yake si kuandika kila kilichotokea kama karani, ni kuonyesha jambo linaloweza kutokea, na kwa njia hiyo anaweza kugusa ukweli ambao karani ameukosa. Kwa hiyo sina ugomvi na kubuni.

Lakini ukienda mahakamani kama shahidi, hali inabadilika. Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: ulikuwepo? La pili: ulimwona nani? Na wakili mjanja ataongeza la tatu: nani kakuleta hapa? Mtunga hadithi haulizwi hayo. Shahidi anaulizwa, kwa sababu neno lake linaweza kumfunga mtu au kumwachilia. Ndiyo maana amri ya nane ipo. Na The Ghost and the Darkness haikuja kwetu kama hadithi. Inaanza na sauti ya msimulizi, Samuel, akimhakikishia mtazamaji kwamba mambo haya yalitokea kweli, hata yale yasiyoaminika. Yaani imepanda kizimbani yenyewe, ikaapa. Basi tuiulize.

Ulikuwepo?

Hapana. Filamu hii inasema Tsavo, lakini sehemu kubwa ilishutiwa katika hifadhi ya Songimvelo, Afrika Kusini. Kenya ilikosa kazi hiyo kwa sababu ya sheria za kodi. Samuel mwenyewe ameigizwa na John Kani, mwigizaji mkubwa wa Afrika Kusini. Wengi wa wanaoonekana kama Wamaasai ni watu wa Afrika Kusini pia, isipokuwa wale wa kwenye msako wa simba, ambao ni Wamaasai wa kweli waliokodiwa kwa kazi hiyo. Na simba je? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu chumbani. Simba wawili wakuu wa filamu, Caesar na Bongo, walitoka kwenye bustani ya wanyama ya Bowmanville, Ontario, Canada! Tena wana manyoya mazito shingoni, wakati madume wengi wa Tsavo hawana manyoya hayo au wanayo kidogo sana, na wale wawili wa 1898 hawakuwa nayo. Nadhani waliogopa kwamba mtazamaji akiona dume lisilo na manyoya atasema ni jike.

Simba halisi wako wapi, basi? Wako Chicago. John Henry Patterson, Mwingereza aliyekuwa akisimamia ujenzi wa daraja la mto Tsavo, aliwaua mwezi Desemba 1898. Ngozi zao zikawa mazulia nyumbani kwake kwa miaka 25 hivi, halafu mwaka 1924 akaziuza kwa makumbusho ya Field kwa dola 5,000. Zikajazwa, zikasimamishwa, na zipo mpaka leo. Msimulizi mwenyewe anatuambia mwishoni kwamba anayetaka kuwaona aende Marekani. Sasa unganisha: tukio ni la Kenya, ardhi ni ya Afrika Kusini, simba ni wa Canada, mizoga iko Chicago, na hadithi inarudi kwetu Soga kupitia flashi iliyonunuliwa Kariakoo, na frateri anasimama mbele anasema, "Ilitokea hapo kwa jirani."

Mtasema, Frateri, mbona hayo ni ya kiufundi tu? Nakubali nusu. Nyasi ni nyasi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaueleza ukweli kuwa ni kulingana kwa akili na kitu kilivyo, na mtu anaweza kukielewa kitu vizuri hata kama mchoro wake umechorwa mbali. Kama filamu ingekosea nyasi peke yake ningeisamehe na kulala. Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Ulimwona nani?

Nimpe kila mtu haki yake. Yule mzee hakuwa sahihi kabisa aliposema hawana majina. Yupo Samuel. Yupo Abdullah, kiongozi wa vibarua wa Kihindi, aliyeigizwa na Om Puri, na anambishia Patterson usoni. Yupo Mahina, mnyapara hodari, anayeuawa na simba. Hao watatu wana majina. Lakini nilipohesabu nani anabeba uamuzi, nani hadithi inamgeukia kila inapokwama, jibu lilikuwa wanaume wawili: Patterson, ambaye ni Val Kilmer, na mwindaji wa Kimarekani aitwaye Remington, ambaye ni Michael Douglas. Huyu Remington anafika katikati ya filamu na kuwa shujaa mkubwa kuliko wote.

Remington hakuwahi kuwepo. Mwandishi wa filamu, William Goldman, alimbuni. Patterson aliwawinda wale simba bila Mmarekani yeyote wa namna hiyo.

Aliyekuwepo ni nani? Alikuwepo Ungan Singh, jemadari wa Kisingasinga. Patterson anamwandika kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1907, na anaeleza jinsi simba alivyoingiza kichwa hemani usiku na kumkamata shingoni mbele ya wenzake. Huyu ana jina, ana cheo, ana kifo kilichoshuhudiwa. Katika filamu hayumo. Nafasi ikapatikana kwa mtu wa kubuni, ikakosekana kwa mtu aliyezikwa. Hapa Aristotle hawezi kunisaidia tena, kwa sababu filamu iliapa.

Tena kuna hesabu ya wafu. Katika kitabu Patterson alitaja Wahindi 28 waliouawa, na Waafrika ambao hawakuhesabiwa. Baadaye akasema ni watu 135. Watafiti waliopima kikemia manyoya na mifupa ya wale simba, na kutoa matokeo yao mwaka 2009, walikadiria kwamba watu walioliwa ni kama 35. Mnaweza kubishana kuhusu namba, ila angalieni lile neno: Waafrika ambao hawakuhesabiwa. Mtu ameliwa na simba, halafu hata kwenye hesabu ya walioliwa hayumo! Reli ile ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa, walio wengi kwa magonjwa na ajali. Kwa kila aliyeliwa na simba, makumi walikufa kwa homa, kuhara na mawe. Lakini malaria haina meno ya kuonyesha kwenye skrini.

Na lile la kukimbia, ambalo kijana wetu alilifanya fundisho la siku? Filamu inawaonyesha wafanyakazi wakigombania treni, na sisi tunaona woga. Historia inasema zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa Desemba 1898 vibarua walilala juu ya reli kuizuia treni isimame, wakapakia mizigo yao, wakaondoka, na kazi ya daraja ikasimama wiki kama tatu. Walikuwa wamesaini mkataba wa kujenga reli, hawakusaini kuwa chakula. Mtu anayejilaza mbele ya injini ya treni ili aondoke kazini, huyo mimi siwezi kumwita mwoga. Huo kwa lugha ya leo ni mgomo. Kijana wangu wa kidato cha pili, ukisoma hapa, jibu lako ulilipata kutoka kwangu. Nilikuonyesha shahidi bila kumhoji.

Sasa kuna anayejiuliza: je, kama wangekuja kushuti mahali penyewe, ingekuwa kweli zaidi? Nilidhani hivyo. Ndipo nikaikumbuka filamu yetu wenyewe, ambayo jina lake halihitaji mkalimani: Hatari! Hii iliongozwa na Howard Hawks, steringi wake ni John Wayne, ikatoka mwaka 1962. Ilishutiwa Tanganyika kweli, mwishoni mwa 1960 na miezi ya kwanza ya 1961, kule Arusha, Momella, upande wa Meru. Vifaru ni vifaru wa kwetu, vumbi ni vumbi letu, na waigizaji wenyewe walikuwa kwenye magari wakati wanyama wanakamatwa. Swali la "ulikuwepo?" inalijibu vizuri kuliko filamu nyingi. Hardy Krüger, Mjerumani aliyeigiza humo, aliipenda Momella mpaka akanunua ardhi pale.

Lakini fikirieni tarehe. Mwaka ule, kiongozi wa serikali ya Tanganyika alikuwa tayari Julius Nyerere, Waziri Kiongozi tangu Septemba 1960. Ni yule yule aliyekuwa anafundisha hapo Pugu, mwendo mfupi tu wa treni kutoka kwetu, mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Nchi nzima ilikuwa inahesabu miezi kuelekea Desemba 9, 1961. Kamera ya Hawks ilikuwa katikati ya nchi hiyo, kwenye mwaka huo, na ikaona vifaru. Wenyeji katika Hatari! wako nyuma ya gari, wako jikoni, wanashika kamba. Kuna kipande ambapo kundi la wenyeji linampaka rangi mwanamke wa Kizungu na kumwita Mama Tembo, na tunatakiwa kucheka. Nilicheka kidogo, sitadanganya, filamu ile inachekesha, na ule muziki wa Henry Mancini wa mtoto wa tembo haukutoki kichwani wiki nzima. Ila nikajiuliza: mtu alikaa miezi Tanganyika, akarudi na picha safi kabisa za mahali, na hakuna hata mwenyeji mmoja ambaye hadithi inasimama kumsikiliza. Alikuwepo, hakuona.

Kwa hiyo lokesheni halisi haitoshi. Nimeandika sentensi hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari.

Kwa upande mwingine ipo Queen of Katwe ya mwaka 2016. Ni ya Disney, kampuni kubwa ya Marekani, kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyejifunza kucheza sataranji kwa mwalimu Robert Katende. Sehemu ilishutiwa Katwe kwenyewe, sehemu nyingine Johannesburg, kwa hiyo hata hii ina ardhi ya kuazima. Lakini mwongozaji, Mira Nair, ameishi Kampala miaka mingi na alianzisha pale shule ya kuwafundisha vijana wa Afrika Mashariki utengenezaji wa filamu. Binti anayeigiza Phiona, Madina Nalwanga, alipatikana Kampala. Mwishoni waigizaji wanasimama bega kwa bega na watu halisi waliowaigiza. Mimi pale nilinyamaza kabisa. Ni kama shahidi anayesema, usiniamini mimi tu, mwenyewe huyu hapa, muulize. Ina udhaifu wake, ni tamu mno hapa na pale kama filamu za Disney zote, lakini mama muuza mahindi humo ndani si mapambo. Ndiye anayekataa, anayeruhusu, anayelipa gharama.

Swali la tatu, nani kakuleta, sitalichimba sana. Kodi iliipeleka Tsavo Afrika Kusini, na pamoja na kamera zikaenda ajira za mafundi, wapishi na madereva. Serikali yetu inalielewa hilo. Ile The Royal Tour iliyozinduliwa Marekani Aprili 2022, ambamo Rais Samia anamtembeza mwandishi wa Kimarekani Peter Greenberg nchini, ni filamu ambayo lokesheni ndiyo steringi. Haifichi kwamba inatafuta watalii. Mtu anayesema wazi aliyemleta, hata kama humkubalii yote, walau unajua pa kuanzia kumhoji.

Nikumbushe kitu kimoja kabla sijarudi Soga. Zamani kidogo, kwenye vibanda umiza, watu wetu hawakuwa watazamaji wapole kama mimi. Kulikuwa na watafsiri, na maarufu zaidi Dar es Salaam alikuwa Derek Mukandala, mnayemjua kwa jina la Lufufu. Mtafsiri alikuwa anaongea juu ya filamu, anaeleza, anatania, anaihamishia kwenye maisha ya mtaani kwetu. Wasomi wengine walikuwa wanadharau kwamba hawatafsiri neno kwa neno. Siku hizi naona kulikuwa na akili pale. Katikati ya kamera ya Marekani na jicho la mtoto wa Mbagala alisimama mtu akisema, ngoja kwanza. Plato anasimulia juu ya watu waliofungwa pangoni wakitazama vivuli ukutani na kudhani ndiyo dunia yote. Shuka letu jeupe la kigangoni ni ukuta huo huo. Kule pangoni hakukuwa na Lufufu.

Basi, nikarudi kwa mzee.

Nilimkuta nyumbani kwake jioni, amekaa chini ya mwembe. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, Frateri. Umekuja na simba wako?" Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kuuliza alikuwa na maana gani lile swali. Akaniambia alifanya kazi genge la reli, kazi ya njia: kukagua mataruma, kukaza misumari, kushindilia kokoto, jua na mvua. Na baba yake kabla yake. Reli hii ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na mzee anasema kwao walisimuliwa habari za waliochukuliwa kwenda kuchimba tuta. "Majina yao yamepotea," akasema. "Ya genge letu bado ninayo mimi. Nikifa, basi."

Niliwaambia vijana wa VIWAWA, na kwa kweli waliwaka moto. Tutengeneze filamu fupi kwa simu! Wakaanza kupanga. Mmoja akasema bila simba haitakuwa na mvuto, tutafute hata sauti ya simba intaneti. Tukabishana nusu saa nzima kuhusu simba huyo. Aliyemaliza ubishi ni binti mmoja mpole wa kwaya: "Soga mlishaona simba lini?"

Lokesheni ikawa shida. Tulitaka kushuti stesheni, tukakuta mlinzi ana amri yake: bila kibali hakuna kamera. Hakukosea, tulikuwa hatujaomba. Mchana ule hatukuwa na muda wa kuandika barua na kusubiri majibu, kwa hiyo tukaenda kushuti pale pale chini ya mwembe. Kijana mwenye simu akasema si neno, tutaandika mwanzoni "Stesheni ya Soga", nani atajua? Wote wakanigeukia mimi. Nami, baada ya masomo yote haya na daftari langu lililopigiwa mistari, nikasitasita, maana jina la stesheni lingependeza kweli.

Mzee akacheka. "Andikeni ni mwembeni kwangu. Kwani mwembe una kosa gani?"

Tukaandika hivyo. Treni ya umeme ilipita mara mbili wakati tunarekodi na kuharibu sauti, tukaiacha vile vile. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, jina la mtu, ametoka wapi, alikuwa anapenda nini, nani alikuwa mwimbaji wa genge wakati wa kunyanyua reli. Yule mwimbaji alimwimba pia, mstari mmoja, sauti ikamkatika, akaomba maji. Majina hayo siyaandiki hapa mpaka tuzipate familia zao na kuwaomba ruhusa. Tunaendelea kuzitafuta, mbili tumezipata, moja iko Ruvu na moja imehamia Kisarawe. Alipofika kidole cha nane akakwama. Akafumba macho muda mrefu, mwenye simu akawa ananiangalia kama azime au aendelee. Nikamwashiria aendelee. Mzee akafumbua macho, akasema, "Alikuwa mfupi, anatoka Kigoma. Jina limekimbia." Giza likaingia, tukafungasha.

Kesho yake, kabla ya masifu ya asubuhi, simu yangu ikaita. Hakusalimia hata. Alikuwa amelipata la nane.